Kadi iliyogoma kwenye megahezi 139

Jumanne saa nne usiku video ya harusi ilikuwa imerenda (yaani programu inaunganisha vipande nilivyoediti kuwa video moja) asilimia 11, na programu inaniambia zimebaki saa tisa. Nikajipa moyo kwamba hesabu za mwanzo huwa za uongo, zitajirekebisha. Nikaenda kuoga. Niliporudi nikakuta asilimia 12, na saa zilizobaki zimekuwa tisa na nusu.

Video ya saa moja kwenye mashine hii huwa inanichukua dakika arobaini hivi. Ni laptopu ya mtumba, toleo la 2017, prosesa i5-7300HQ ya Intel na kadi ya grafiki, ile inayoshughulikia picha, GTX 1050 ya Nvidia. Kwa wacheza gemu wa leo hicho ni chombo cha makumbusho, lakini kwa mtu anayeediti sendofu na harusi Kimara na Ubungo inatosha sana. Imenilipia kodi miaka miwili.

Asubuhi mama wa bibi harusi akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ile CD yetu imefikia wapi? Wageni wangu wa Moshi wanapanda basi Ijumaa alfajiri, na shangazi yake amesema haondoki bila kujiona."

Hakuna CD. Nilishamwambia kwamba kazi itakuja kwenye flashi, akasema sawa, na kwake ikabaki kuwa CD. Nikamwahidi Alhamisi jioni. Nikakata simu na kubaki naangalia mashine kama anavyoangaliwa mwana aliyerudishwa shule.

Jambo la kwanza nililofanya lilinipoteza. Nilibonyeza Ctrl+Shift+Esc, nikaenda kwenye grafu ya kadi, nikakuta inafanya kazi asilimia 100. Nikasema basi, kadi inajituma, tatizo liko kwenye programu ya kuediti au kwenye faili zenyewe. Nikapoteza asubuhi nzima nikibadilisha faili.

Ile asilimia haipimi kasi. Inapima ni sehemu gani ya muda kadi ilikuwa na kazi mkononi. Kibarua wa zege anayebeba karai moja huku akitembea kama kinyonga, ukimpima kwa kipimo hicho, naye yuko kazini asilimia mia. Cha kuangalia ni mapigo: kadi inapiga mara ngapi kwa sekunde. Na mapigo hayo nikayatafuta kwa amri ya nvidia-smi, ambayo huja pamoja na draiva yenyewe, yaani programu inayoendesha kadi, hakuna cha kupakua.

Megahezi 139, yaani mapigo milioni 139 kwa sekunde. Kumbukumbu ya kadi ilikuwa kwenye 405. Joto nyuzi 46. Hali ya nguvu: P8.

Kadi hii ilitoka kiwandani na mapigo ya msingi ya megahezi 1354, na ikichangamka inaruhusiwa kufika 1493 au hata kupita kidogo. Kumbukumbu yake huwa kwenye 3504. Kwa hiyo ilikuwa inakwenda karibu mara kumi chini ya kiwango chake, huku imebebeshwa harusi ya watu mia tatu. Zile herufi P ni ngazi: P0 ni kadi iliyoachiwa huru, na namba ikipanda, usingizi unazidi. P8 ni kadi iliyolala.

Kabla hujakimbilia kuangalia yako, 139 yenyewe si ugonjwa. Ukiwa umefungua ukurasa mmoja tu wa gazeti, kadi inapaswa kulala, ndiyo maana betri inadumu. Watu wengi hupima mashine ikiwa haina kazi, wanaona namba ndogo, wanapiga mayowe. Pima ukiwa umeipa mzigo. Halafu hakikisha mzigo umeipata kadi yenyewe, kwa sababu laptopu nyingi za aina hii zina kadi mbili, ile ndogo ya Intel iliyomo ndani ya prosesa na hii kubwa, na programu inaweza kuwa imepangiwa ile ndogo bila wewe kujua. Kwangu mzigo ulikuwa mahali pake. Kadi ilikuwa na kazi, ikawa imelala juu ya kazi.

Nikaingia kwenye dawa za kienyeji. Mpango wa umeme wa Windows nikauweka kwenye nguvu kamili. Kwenye mipangilio ya kadi nikachagua utendaji wa juu kabisa. Nikang'oa draiva mpaka mizizi kwa DDU, programu ya kazi hiyo, nikaweka mpya. 139. Nikaweka ya zamani. 139. Nikafungua mgongo wa laptopu, nikapuliza vumbi kwenye feni (lilitoka la kutosha kuotesha mchicha), nikapaka pesti mpya ya kupitishia joto kati ya kadi na bomba la shaba. Joto likashuka kutoka 46 hadi 43. Mapigo: 139.

Hapo nilipaswa kusimama. Kadi yenye nyuzi 46 haina sababu ya kujipunguza kwa joto. Hizi huanza kujihami zikikaribia nyuzi 90 na kitu. Nilikuwa nampa dawa ya homa mgonjwa asiye na homa. Lakini mtu akishika bisibisi huwa hasikii.

Jumatano mchana nikapiga Windows, yaani nikaifuta na kuiweka upya.

Naomba nisimame kidogo hapa, maana hili la kupiga Windows limekuwa Panadol yetu. Mashine inachelewa kuwaka, piga Windows. Spika haitoi sauti, piga Windows. Mtoto kamwaga chai kwenye kibodi, kuna fundi mahali fulani atakwambia tupige Windows kwanza tuone. Na inapendwa kwa sababu baada ya hapo mashine inaonekana mpya, mteja anafurahi, fundi kapata elfu kumi na tano yake, na ugonjwa unajificha kwa siku mbili. Mimi nilijifanyia mwenyewe bila malipo. Nilipoteza saa tano, fonti zangu zote za majina ya maharusi, na zile rangi nilizokuwa nimezitengeneza kwa miaka miwili kwa ajili ya ngozi zetu chini ya taa za ukumbini. Baada ya yote hayo nikaandika nvidia-smi.

139.

Binamu yangu, anayejua kompyuta kuliko mimi na hakosi kunikumbusha, akanitumia ujumbe: "Zima BD PROCHOT kwa ThrottleStop." ThrottleStop ni programu ya kuchezea mipangilio ya prosesa; BD PROCHOT sikuijua. Nikafanya. Prosesa ikaruka kutoka gigahezi 0.79 kwenda 3.1, na laptopu nzima ikawa nyepesi mkononi. Kadi ya grafiki haikusogea hata nukta.

Nikafurahia ile 3.1 kwa dakika kadhaa kabla akili haijanirudia. Kumbe na prosesa ilikuwa imeshushwa? Prosesa ambayo mwendo wake wa kawaida ni 2.5 ilikuwa inatambaa kwenye 0.79 na mimi siku mbili sijaona, kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye kadi. Viungo viwili tofauti, vya makampuni mawili tofauti, vyenye draiva tofauti, haviugui kwa pamoja ugonjwa uleule kwa bahati mbaya. Kuna kitu kimoja juu yao kilichowaambia wote wawili watulie.

Halafu nikasoma BD PROCHOT ni nini, nikairudisha haraka. Ni waya ambao sehemu nyingine za bodi huutumia kumpigia prosesa kelele kwamba kuna hatari, punguza mwendo. Kuuzima ni kumziba mlinzi mdomo. Nyumba inakuwa kimya, kweli, lakini hujajua alikuwa anaona nini.

Usiku ule umeme ukakatika.

Nilikuwa nimerudisha programu ya kuediti, nimeanzisha kurenda upya kwa shingo upande, na kidirisha cheusi kimefunguliwa pembeni kikinionyesha mapigo kila sekunde. Taa zikazima, feni ya dari ikaanza kupunguza mzunguko, mtaa mzima ukatoa ule mguno. Na kwenye kioo namba zikabadilika. 139. 139. Kisha 1075. Nikadhani nimesoma vibaya. Prosesa gigahezi 2.8. Makadirio ya muda yakaanza kuporomoka kutoka saa saba: tano, tatu, saa moja na nusu.

Laptopu ilikuwa inakwenda mbio bila umeme kuliko ikiwa na umeme.

Nikakaa gizani naitazama. Dakika kumi na mbili baadaye umeme ukarudi, ile taa nyeupe ndogo ya chaja ikawaka, na kabla hata friji haijaanza kuunguruma mapigo yalikuwa yamerudi 139. Nikachomoa chaja kwa mkono. 1075. Nikachomeka. 139. Nilirudia mara tano hivi, kama mtoto aliyegundua swichi.

Ndipo nikauliza swali ambalo nilipaswa kuuliza Jumanne. Kadi hizi huandika sababu. Si lazima ubahatishe. Unaandika nvidia-smi -q -d PERFORMANCE na inakupa orodha ya kila kinachoweza kuibana, na mbele ya kila kimoja inasema kinatumika au hakitumiki. Haina kazi: hapana. Joto: hapana. Kikomo cha nguvu cha draiva: hapana. Chini kidogo, breki ya nguvu kutoka nje: inatumika. Maana yake si kadi iliyoamua, wala si draiva. Kuna waya kwenye bodi unaoiambia kwamba umeme hautoshi, na kadi imetii. Asiyependa kidirisha cheusi atumie GPU-Z. Ina mstari wa sababu za kubanwa, na kama umeandikwa Thrm ni joto, kama ni Pwr ni nguvu. Mashine ilikuwa imejibu tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyeiuliza.

Umeme hautoshi vipi, na chaja imeandikwa wati 130? Volti 19.5 mara ampea 6.67, hesabu inakubali. Nikazima, nikaingia kwenye bayosi, ile mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, nikatafuta ukurasa wa betri. Palikuwa na mstari unaotaja aina ya chaja, na mbele yake imeandikwa haijulikani. Kurasa mbili mbele nikakuta kipengele cha kuonyesha tahadhari za chaja wakati wa kuwasha. Kilikuwa kimezimwa. Mimi sijawahi kukigusa. Kuna mtu kabla yangu, huko ilikotoka au hapa mjini kabla haijauzwa, aliona lile onyo kila akiwasha mashine, akaamua kulizima ili mnunuzi asilione.

Na betri! Siku zile ilikuwa imesimama kwenye asilimia 61, inasema imechomekwa lakini haichaji. Nikawa nimeshailaumu yenyewe: betri ya mtumba, imechoka, nitanunua nyingine pesa ikipatikana. Haikuwa imechoka. Laptopu ilikataa kuichaji kwa sababu haikuwa inaiamini chaja.

Plagi ya chaja za aina hii ni ya duara, na katikati yake, ukiitazama kwenye mwanga, kuna kijipini chembamba kama sindano ya kushonea. Umeme wenyewe haupiti hapo. Unapita kwenye pete ya ndani na ya nje. Kile kijipini ni cha kuongea tu. Ndani ya chaja kuna kichipu kidogo kinachojitambulisha kupitia hapo: mimi ni chaja ya wati kadhaa. Laptopu ikisikia 130 inajiachia. Ikisikia 65 inajibana ili isiiunguze. Isiposikia kitu inachukulia mabaya kabisa, kwamba umechomeka chaja ya sijui nini kutoka wapi, na inajishusha mpaka kiwango ambacho hata chaja dhaifu itakimudu. Kampuni zaidi ya moja hutengeneza chaja zenye kijipini hicho, kila moja na lugha yake.

Watu hulalamika kwamba huo ni ujanja wa kutuuzia chaja zao. Sitabisha kwamba biashara haimo. Lakini prosesa yangu peke yake inaruhusiwa wati 45, weka kadi juu yake, weka kioo, weka betri inayochaji, halafu fikiria mzigo huo wote umening'inia kwenye kichaja cha elfu ishirini chenye waya mwembamba, juu ya godoro, saa nane usiku. Mimi naelewa kwa nini mashine inaogopa.

Niliazima chaja kwa jirani, tuna laptopu za ukoo mmoja. Bayosi: haijulikani. Kwa hiyo si chaja. Nikarudisha yangu, na katika kuichomeka, plagi ikaingia kidogo imeinamia juu. Taa ya betri ikabadilika rangi. Nikaangalia: asilimia 61, inachaji. Mapigo: 1493. Nikaachia mkono, ikabaki sekunde chache, kisha nikagusa meza na ikaanguka 139. Nikatoa, nikachomeka tena nikiwa nimeibinua juu kwa kidole gumba. 1506.

Ningeweza kurenda harusi nzima nikiwa nimeshikilia plagi kwa kidole. Nakiri kwamba nilijaribu, kwa dakika kama nane, na kitabu cha dini chini ya waya kama kabari. Mungu anisamehe.

Alhamisi asubuhi nikapanda mwendokasi, nikashuka Msimbazi Polisi, nikaingia Kariakoo. Fundi niliyeelekezwa ni mzee wa makamo mwenye meza ya futi tatu chini ya ngazi, miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso. Nilimsalimu, nikaanza kumweleza kuhusu P8 na breki ya nguvu na amri niliyoandika. Akanisikiliza kwa heshima.

"Kijana, chaja inacheza?"

"Ikiinama inakubali, mzee."

"Basi."

Hakuwasha hata mashine. Kwanza alitoa betri, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda mrefu, nusu dakika nzima, kumaliza umeme uliobaki kwenye bodi. Akanieleza kwamba mara nyingine ile chipu ndogo inayosimamia umeme huganda tu, na hiyo peke yake inaponya; tukajaribu, haikuponya. Akafungua. Tundu la chaji kwenye mashine hii halijachomelewa kwenye bodi, lina mkia wake wa nyaya unaochomekwa. Akauvuta, akaupima kwa mita, ambayo hulia waya ukiwa mzima. Nyaya nene zikalia. Ule waya wa kuongea, mwembamba, ukakaa kimya. Akaukunja kidogo karibu na shingo ya tundu, ukalia. Akaukunjua, kimya. Ndani ya ganda la plastiki, ambalo kwa nje halikuwa na hata mkwaruzo, uzi wa shaba ulikuwa umekatika na ncha mbili zinagusana zikipenda.

Tundu jipya na mkia wake, na kazi, elfu thelathini. Dakika ishirini. Alipomaliza akaniuliza kama napenda kufanya kazi laptopu ikiwa mapajani, kitandani. Nikasema ndiyo. Akatingisha kichwa bila kusema kitu, akarudisha miwani ya kwanza usoni na kumwita mteja mwingine.

Ukiwa na laptopu mpya zaidi, isiyo na lile tundu la duara bali Type-C, usijione umepona. Huko nako mashine na chaja hujadiliana kabla ya kupeana nguvu, na katika mjadala huo kuna mtu wa tatu, yaani waya. Waya wa Type-C usio na kichipu cha kujitambulisha hauruhusiwi kupitisha zaidi ya ampea 3, ambazo kwa volti 20 ni wati 60. Unaweza kuwa na chaja halali ya wati 100 na laptopu nzima kabisa, ukachomeka waya wa simu uliookota droo, ukapata kadi inayosinzia. Na kwa wenzangu wa Linux: kama kadi yako ni ya kizazi hiki changu na unatumia draiva ya wazi ya nouveau, mapigo ya chini ni jambo la kawaida, kwa sababu draiva hiyo hainyanyui mapigo ya kadi za kizazi hiki. Weka draiva ya Nvidia kwanza ndipo uanze kutafuta mchawi.

Nilifika Kimara saa nane mchana. Nilichomeka plagi ikiwa imenyooka, nikaiacha, nikatoa mkono kabisa. Kumbukumbu 3504, mapigo 1493, joto likapanda hadi nyuzi 71 na feni ikaanza kupiga kelele zake za zamani ambazo sikujua nimezikosa. Video ilirenda kwa dakika 43. Rangi hazikuwa zangu zile nzuri, majina ya maharusi yalikuwa kwa fonti ya kawaida, lakini ilikuwa imekamilika, na saa kumi na moja jioni flashi ilikuwa mkononi mwa mama wa bibi harusi.

Saa tatu usiku akapiga.

"Mwanangu, tumeiona CD. Ni nzuri, Mungu akubariki." Nyuma yake nikasikia ngoma za ukumbini na watu wengi wakicheka. "Ila shangazi anauliza, mbona pale alipotoa zawadi umemkata kichwa?"